Kamaru Mjukuu na Sauti za Mahali

 Nazungumza nanyi wasikilizaji mlio Masalani mjini, mlio Kotile, Hulugho na Ijara, nanyi wachungaji mnaotembea na redio ndogo begani, na jirani zetu wa Hola na Garsen ng'ambo ya Tana. 

Leo nazungumza juu ya Mkenya ambaye muziki wake huwezi kuusikia kwenye matatu wala arusini. Hauna ngoma ya kuchezea, hauna kiitikio, na mara nyingi hauna hata mtu anayeimba. Kipande kimoja huchukua dakika ishirini, kingine karibu saa nzima. Ukikiweka, mwanzoni utadhani redio imepoteza masafa, kwa maana unasikia mvumo tu. Usizime. Mvumo ule unasogea. Unapanda taratibu, chini yake unazuka mngurumo kama wa mvua inayonyesha mbali huko msitu wa Boni, juu yake unapita mlio mwembamba unaokuja na kutoweka, na ikifika dakika ya kumi kifua kimekuwa kizito bila mtu kukwambia neno lolote.

Mwenye muziki huo ni Joseph Kamaru. Kwenye kazi zake hujiandika kwa herufi nne tu, KMRU. Alizaliwa Nairobi mwaka 1997, akaja kuhamia Berlin, Ujerumani. Wanaofuatilia muziki wa kielektroniki wa namna hii, ule wa polepole, mzito, wenye giza, wanamhesabu miongoni mwa mabingwa wa kizazi chake. Hapa Kenya wanaomjua ni wachache mno. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nilete habari zake hewani.

Wazee mnaosikiliza, jina hilo limewashtua, najua. Joseph Kamaru mnayemkumbuka ni mwingine, yule mwimbaji mkubwa wa Kikuyu kutoka Kangema, Murang'a, aliyezaliwa mwaka 1939. Huyo ndiye babu. Kwa desturi ya Wakikuyu mjukuu hupewa jina la babu, na huyu alilipata kamili. Babu alikuwa mtu wa maneno. Alirekodi tangu miaka ya 1960, akaimba mapenzi, akaimba maonyo kwa vijana, akaimba siasa. J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipouawa Machi 1975, Kamaru alitoa wimbo wa kumlilia na kuwalaani waliomuua, wakati ambapo wengi walithubutu kunong'ona tu. Baadaye aliokoka akageukia nyimbo za dini. Alifariki Oktoba 2018.

Mjukuu hakufuata njia ya maneno. Lakini tazameni alichofanya: alichukua rekodi za babu yake, akazisafisha, akaanza kuziweka kwenye intaneti ili zisikike tena na ziwe mikononi mwa familia. Ukatoka na mkusanyiko uitwao Heavy Combination, wenye nyimbo za kuanzia mwaka 1966 hadi 2007. Kwa hiyo kijana huyu ana kazi mbili kwa wakati mmoja: anatunza sauti za waliotangulia, na anatengeneza sauti ambazo hazijawahi kuwapo. Mimi naamini ni kazi moja, na mazungumzo yangu yote ya leo yamesimama hapo.

Anatengenezaje? Anaanza kwa kutembea. Hubeba kinasa sauti na maikrofoni, akanasa ndege, mvua, soko, magari, watu wanaoongea mbali, mlango unaofungwa. Halafu huingiza zile sauti kwenye kompyuta. Programu ya kompyuta inaweza kuchukua sauti ya sekunde tano ikainyoosha mpaka ijaze dakika tano. Ikinyooshwa hivyo, mlio wa ndege unageuka kuwa mawimbi, na hatua za mtu zinakuwa mngurumo. Juu yake anaweka safu nyingine, na nyingine tena, pamoja na sauti za sintesaiza, akiziongeza na kuzipunguza kwa subira ambayo wengi wetu hatuna. Kazi zake za mwanzo, za kati ya mwaka 2017 na 2019, alizitoa mwenyewe kwenye intaneti, na mwaka 2021 zikakusanywa katika albamu iitwayo Logue. Mojawapo inaitwa Jinja Encounters, kwa jina la mji ule wa Uganda ulio pale Nile inapoanza safari yake. Ni Jinja hiyo hiyo ambako tamasha la Nyege Nyege lilianzishwa mwaka 2015, tamasha lililowafungulia vijana wa Afrika Mashariki mlango wa kupiga muziki ambao hakuna redio iliyokuwa ikiupiga.

Kuna watakaosema huu ni muziki wa Wazungu. Nawaomba wanisikilize kidogo. Vitabu vingi huandika kwamba muziki wa kukata na kunyoosha sauti zilizorekodiwa ulianzia Paris mwaka 1948, pale Pierre Schaeffer, mtu wa redio ya Ufaransa, alipotengeneza kipande kwa sauti za treni. Ni kweli alifanya. Lakini mwaka 1944, miaka minne kabla yake, kijana wa Cairo aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwa waya kutoka kituo cha redio, akaenda nayo kwenye sherehe ya zaar, ambako wanawake huimba kumtibu mgonjwa. Aliporudi alizichezea zile sauti kwa mwangwi wa chumba, akaondoa nyingine na kuacha nyingine, mpaka zikawa mvumo wa ajabu. Ninyi Wasomali wenzangu, saar, yaani hiyo zaar, mnaijua; wako waliokatazwa na masheikh kuikaribia, na wako waliowaona bibi zao wakiifanya. Basi kazi hii ya sauti ilianza Afrika, ikianza na wanawake wa Kiafrika wakiimba, kwa mashine iliyoazimwa redioni. Kamaru hakwenda kuazima chochote kwa mtu.

Mwaka 2020 ndio uliomtangaza. Korona ilikuwa imefunga dunia, watu wako ndani, barabara tupu. Julai mwaka ule akatoa albamu iitwayo Peel kupitia Editions Mego, lebo ya Vienna inayoheshimiwa sana katika muziki wa aina hii. Kipande cha mwisho, chenye jina la albamu yenyewe, kina zaidi ya dakika ishirini. Mwaka huohuo alitoa pia Opaquer na Jar. Nadhani ulimwengu ulikuwa umelazimishwa kukaa kimya, na kwa mara ya kwanza ukawa tayari kumsikia mtu ambaye kimya ndicho anachokifanyia kazi. Mimi Peel niliisikiliza usiku, redio zimezimwa, na kwa kweli sikuweza kulala upesi. Haitishi. Inakufanya ukumbuke watu.

Baada ya hapo akaenda Berlin kusomea sanaa za sauti katika Chuo Kikuu cha Sanaa. Kazi zikafuatana. Mwaka 2022 alitoa Limen pamoja na Aho Ssan, mwanamuziki wa Paris, na humo sauti zake zikawa kali, zenye kishindo cha dunia inayopasuka. Mwaka 2023, katika Dissolution Grip, alichukua michoro ya mawimbi ya sauti alizonasa akaitumia kama mwongozo wa sintesaiza, hata ile sauti ya asili isisikike tena, kibaki kivuli chake. Mwaka 2024 akashirikiana na Mwingereza Kevin Richard Martin katika Disconnect, na humo tukasikia sauti ya Kamaru mwenyewe akizungumza, mjukuu wa mwimbaji hatimaye amefungua kinywa. Mwaka huohuo ikaja Natur.

Natur nataka tukae nayo. Ni kipande kimoja tu, karibu saa nzima. Kamaru alitumia maikrofoni maalumu inayonasa mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye nyaya, chaja, skrini na mitambo ya treni, mambo ambayo sikio la mtu haliyapati. Berlin usiku unaonekana mtulivu kuliko Nairobi. Ukiweka kifaa kile unakuta mji mzima unanguruma. Sauti hizo za umeme anazichanganya na sauti za viumbe na mazingira, mpaka huwezi kusema hiki ni chombo na kile ni mdudu.

Msikilizaji wa Masalani ana haki ya kuielewa kazi hiyo kuliko mtu wa Berlin. Sisi tunaijua sauti ya umeme kwa sababu tunaijua siku unapokatika. Jenereta la duka likizimwa saa nne za usiku, kuna kitu kinaondoka ambacho hukujua kilikuwapo, halafu mto unasikika, vyura, mbwa wa manyatta za mbali, kiboko akikoroma kwenye kina cha Tana. Ngamia akijigeuza, koor yake, ile kengele ya mti, inagonga mara moja. Kaka zangu mliokulia hapa, hiyo ni orkestra nzima. Leo paneli za sola zimefika hadi vijijini, inverta zinavuma mchana kutwa, milingoti ya simu inasimama palipokuwa na migunga. Silalamikii umeme, tumeusubiri mno. Ninachosema ni kwamba sauti za mahali zinabadilika haraka, na hakuna aliyeziandika.

Halafu kuna hili la giza. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini kijana atengeneze muziki wenye huzuni nzito hivi? Kamaru hayuko peke yake. Nairobi imetoa wengine wenye sauti kali kuliko zake. Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, mayowe na mashine vikigongana. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024, naye ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, yule mama aliyekuwa na cheo cha fildimasha katika Mau Mau. Slikback alianza kutikisa vilabu vya ng'ambo tangu mwaka 2018. Nyokabi Kariũki aliugua korona kwa muda mrefu, akaufanya mwili wake mgonjwa kuwa muziki katika Feeling Body ya mwaka 2023. Hawa si watu waliokosa furaha. Ni vijana wa nchi yenye mambo ambayo hayakupata kusemwa hadharani, na muziki usio na maneno unaweza kuyabeba.

Na sisi wa Kaskazini Mashariki, jamani, tuna mangapi? Mauaji ya Bulla Kartasi hapa Garissa, Novemba 1980. Mauaji ya Wagalla, Februari 1984. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoanza vikao vyake vya hadhara mwaka 2011, ilianzia Garissa, na watu wetu walisimama wakasema yaliyowapata. Yamesemwa, yameandikwa katika ripoti. Lakini kuna huzuni isiyoingia kwenye ripoti, ile inayokaa katika namna mama anavyonyamaza. Ninapousikia muziki wa Kamaru, nasikia kwamba kunyamaza huko nako kunaweza kupewa sauti bila kumlazimisha mama aseme. Najua baadhi ya masheikh wetu hawapendi ala za muziki, nami siwaombi wabadili msimamo. Ninachosifu hapa ni usikivu, na usikivu haujamdhuru mtu.

Sasa nifike kwenye kazi yake ninayoiona kubwa kuliko zote. Inaitwa Temporary Stored, ilitoka mwaka 2022. Nje kidogo ya Brussels, mahali paitwapo Tervuren, kuna jumba la makumbusho la Afrika ya Kati. Lilitokana na maonyesho ya mfalme Leopold wa Pili mwaka 1897, ambako Wakongomani 267 walipelekwa kutazamwa kama vitu. Saba kati yao walifia huko, na makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa. Katika jumba hilo zimehifadhiwa rekodi nyingi za sauti zilizochukuliwa Afrika wakati wa ukoloni: nyimbo, ngoma, mazungumzo. Waliorekodiwa wengi wao hawakupata kuzisikia tena, wala watoto wao, wala wajukuu.

Kamaru alizipata rekodi hizo akazisikiliza, akazitumia kutengeneza albamu. Hakuzipamba. Unasikia sauti za watu wa zamani zikitoka chini ya ukungu wa umeme, zikijaribu kupenya, zikimezwa, zikirudi. Jina la albamu linasema zimehifadhiwa kwa muda, na mimi nalichukulia kama madai: huko zilipo sio kwao. Miaka miwili baadaye, katika Disconnect, alilirudia jambo hilo kwa mdomo wake mwenyewe, katika kipande alichokiita Arkives. Mjukuu aliyeanza kwa kuzirudisha nyumbani rekodi za babu yake alikuta mababu wa wengine wamefungiwa kwenye makabati ya Ubelgiji. Ndiyo maana nasema kazi zake mbili ni moja.

Wasomali tunao mfano wetu, na ni wa kujivunia. Mwaka 1988, ndege za rais Siad Barre wa Somalia zilipokuwa zinakaribia kuupiga Hargeysa, wafanyakazi wa redio na wasanii walizificha kanda za muziki na tamthilia. Nyingine zilifukiwa ardhini, nyingine zikavushwa kwenda Djibouti na Ethiopia. Mji ulibomolewa, kanda zikapona. Leo maelfu ya kanda yanatunzwa Hargeysa kwenyewe, katika Kituo cha Utamaduni chini ya wakfu wa Redsea. Kutokana na kanda hizo ulitoka mwaka 2017 mkusanyiko wa Sweet as Broken Dates, nao ukapendekezwa kwa tuzo ya Grammy. Watu waliokuwa wakikimbiza roho zao walipata nafasi ya kuokoa sauti. Sisi hapa Masalani hakuna anayetupiga mabomu. Tuna udhuru gani?

Nitoe mfano mmoja wa kinachopotea. Ndugu zetu Waboni, Awer, wanaoishi msituni na pembezoni mwake, wana mluzi wa kumwita ndege wa asali. Ndege anaitika, anatangulia, anawaongoza mpaka kwenye mzinga mtini. Watu wanatoa asali, ndege anaachiwa nta. Waborana wana wao, na utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulieleza kwamba unasikika zaidi ya kilomita moja. Kuhusu Awer, watafiti walichapisha maelezo yao mwaka 2022. Ni mazungumzo ya binadamu na ndege wa porini, moja ya mambo ya ajabu kabisa duniani, na yanafanyika hapa, katika msitu tunaoutazama kwa hofu kwa sababu ya vita. Vijana wengi wa Kiboni siku hizi hawaujui mluzi huo. Wazee wakimalizika, ndege atamwitikia nani? Tumemlinda swala aitwaye hirola kule Ishaqbini tangu hifadhi yake ya ndani ilipozungushiwa uzio mwaka 2012, maana waliobaki duniani hawafiki mia tano. Tumefanya vyema. Sauti nazo zinahitaji ulinzi wa namna hiyo, na ulinzi wake ni rahisi zaidi, hauhitaji uzio.

Basi ninyi vijana, simu mnazo. Kamaru alianza na kinasa kidogo na kompyuta. Mwalimu wa sekondari unayenisikia hapa Ijara, wape wanafunzi wako kazi hii likizo ijayo: kila mmoja arekodi sauti ya mahali pake. Nyimbo za kunywesha ngamia kisimani. Koor. Mvua ya kwanza ya gu', masika yetu, inapogonga mabati. Bibi akimbembeleza mtoto. Mluzi wa Waboni, kama mzee atakubali. Ombeni ruhusa kwanza, kwa heshima, na anayekataa aachwe. Kaeni kimya dakika tano nzima wakati wa kurekodi, msizungumze juu yake. Kisha semeni mwishoni: mahali gani, tarehe gani, nani ameimba, nani amerekodi. Msiiache kwenye simu, simu hupotea. Wekeni nakala mbili kwenye memori kadi, moja shuleni, moja kwa mwenye sauti mwenyewe. Hiyo ya pili ndiyo iliyosahauliwa na wale waliozipeleka Tervuren.

Na mkimaliza, tuleteeni hapa kituoni. Tutazipiga hewani bila kuongea juu yake, hata kama ni mvumo wa dakika ishirini.